Vua Kava Tuone Tairi

Kama gari ya kwenu ni ile ya kubeba tairi nyuma kwa mlango, RAV4, Prado, Escudo, Terios, CR-V ya zamani, Jimny, yoyote ile, na hiyo tairi imevalishwa kava, naomba kitu kimoja kabla uendelee kusoma. Weka simu chini. Toka nje. Vua hiyo kava. Bonyeza tairi na kidole gumba, kwa nguvu. Halafu rudi hapa tuongee.

Najua hujaenda. Mimi pia singeenda. Na ndio maana nina hasira na hii kitu, kwa sababu hasira yenyewe inaanza na mimi.

Mnanijua. Nina miaka 23, niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nyumba nailipa na video. Nimewauzia kava za simu, mafuta ya nywele, perfyumu ambayo ilikuwa inanuka kama dawa ya mbu (hiyo nishaomba msamaha). Mwaka jana mwezi wa nane duka moja la mapambo ya gari likanitumia DM. Silitaji jina, na msiniulize. Walikuwa wanataka video ya sekunde 40 ya kava za spea. Zile za ngozi bandia zenye picha: simba, ramani ya Afrika, ngao ya Kimaasai, nembo ya timu yako, aya ya Biblia, chochote unachotaka wanakuchapia. Wakalipa 15,000 na wakanipa neno la punguzo lenye jina langu, kila mtu akilitumia anapunguziwa soo tano na mimi napata kitu kidogo.

Nikashuti jioni, jua linashuka, ngoma kali, gari inasonga mos mos, kamera inazunguka nyuma na bam, simba amevaa miwani. Walinipa sentensi ya kusema na nikaisema bila kufikiria: "Linda spea yako, na upendeze."

Sasa sikilizeni. Ile gari tuliyotumia kwa video haikuwa na spea. Haikuwa nayo kabisa. Pale nyuma palikuwa tu na kile chuma cha kushikia tairi. Kava ilikuwa imejazwa kipande cha godoro kilichokatwa duara ndio ikae vizuri kwa kamera. Niliona. Nilishika. Tulicheka sote, hata mwenye duka. Halafu nikasimama mbele ya godoro nikawaambia watu walinde spea zao.

Miongoni mwa walionunua ni anti yangu, mdogo wake mathe. Alinipigia simu kwa furaha, "Nimekuunga mkono, nimetumia lile neno lako!" Alilipa 3,500. Akachagua maua ya waridi na majina ya watoto wake wawili kwa maandishi ya kulala. Gari yake ni RAV4 ya 2009, namba ya KCH, na ile kava ngumu iliyokuja nayo ilikuwa imepasuka kitambo. Kijana wa duka akatoa ile ya zamani, akavalisha mpya, akavuta kamba, akafunga. Nilimuuliza anti baadaye kama huyo kijana alisema chochote kuhusu tairi yenyewe. Alisema, "Tairi gani?"

Desemba tukawa tunaenda Kakamega. Anti ndiye anaendesha, mimi mbele, watoto nyuma na mzigo mpaka juu. Tulitoka Nairobi saa nane mchana, na jamu ya Krismasi mnaijua, kufika Nakuru ni giza. Tumepita Salgaa, tunapanda kwenda Sachang'wan, kama saa tatu usiku, tairi ya nyuma kulia ikagonga kitu na kupasuka. Sio pancha. Ilipasuka ubavuni, ukiweka mkono unaingia. Anti akaishikilia gari vizuri, akaitoa pembeni. Wale wanaojua hiyo barabara hawahitaji niwaeleze ni mahali pa aina gani kusimama usiku. Wasioijua, muulize dereva yeyote wa masafa marefu awaambie jina Salgaa linamkumbusha nini.

Tukaweka laifseva, zile pembetatu nyekundu. Nikatoa jeki. Nikaenda nyuma nikiwa na kiburi kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naona bidhaa yangu kazini. Na kusema kweli ilikuwa safi. Kilomita zote hizo na waridi bado linang'aa kwa mwanga wa simu. Nikafungua kamba, nikavuta kava.

Tairi ilikuwa imekauka ikapasuka nyufa kama tope la bwawa lisilo na maji. Nilipobonyeza, ikabonyea kama mkate. Maji yalikuwa yameingia chini ya kava yakakosa pa kutokea, rimu ikashika kutu, na nati moja ilikataa kufunguka hadi tukaikalia spana watu wawili.

Dereva mmoja wa trela akasimama mbele yetu. Mzee wa makamo, na koti la mvua, na ile rungu fupi wanayotumia kugonga tairi kusikia kama iko na upepo. Akagonga ile spea mara moja. Haikulia. Akaniambia, "Kijana, hii haijafa leo." Akainama na tochi, akasugua ubavu na kidole, akatuonyesha nambari nne: 1409. Wiki ya 14, mwaka wa 2009. Ile tairi ilitoka na gari kiwandani, ikavuka bahari, ikakaa pale nyuma miaka zaidi ya 15, ni kubwa kuliko binamu yangu wa kwanza aliyekuwa amekaa pale kwa kiti anauliza kama tumefika.

Kitu cha kwanza mzee alichosema si kuhusu tairi. Alimwambia anti, "Mama, toa watoto kwa gari. Wapeleke kule mbali na barabara, juu ya ile kingo." Anti akasema kuna baridi. Akasema, "Mama, watoe." Tukawatoa na blanketi. Dakika chache baadaye lori likashuka karibu sana na pembeni na kupita juu ya laifseva zetu. Sikuona, nilisikia tu zikivunjika. Mzee hakusema kitu. Akapanda trela yake, akaigeuza kwa shida, akaja akaiegesha nyuma yetu na taa zote zikiwaka, na akakaa pale mpaka asubuhi. Mtu aliyekuwa na mzigo wa kupeleka Malaba. Nilienda na boda mpaka Salgaa nikiwa nimebeba rimu mapajani, fundi wa pancha akaangalia ule ubavu akanihurumia, na saizi yetu hakuna mtu alikuwa nayo usiku ule. Kulipokucha tukapata tairi ya mtumba Nakuru, 6,500, ikaletwa na matatu. Mzee alikataa pesa. Alikubali chai.

Hiyo ndiyo hadithi. Sasa tuje kwa maneno yenyewe.

Mtu akikuuzia kava ya spea anakuambia inalinda. Na ukweli ni kwamba kuna kitu inalinda: jua na vumbi. Jua linaharibu mpira, hiyo si uongo. Lakini jua ni adui mmoja tu wa tairi. Hewa yenyewe inakula mpira, joto linakula mpira, na kava haizuii hata moja. Halafu kuna hii nilijifunza baadaye na ikanishangaza: watengenezaji huchanganya nta fulani ndani ya tairi, na tairi ikizunguka na kujikunja barabarani, ile nta inapanda juu na kupaka mpira kama losheni. Spea haizunguki. Inakaa tu. Kwa hivyo ile tairi unayodhani ni mpya kwa sababu haijatumika, inazeeka ikiwa pale pale imening'inia. Makata yake yako freshi, vinyweleo vya kiwandani bado viko, na ndani imeisha.

Upepo nao unatoka wenyewe. Tairi yoyote nzima hupoteza kama PSI 1 hadi 2 kwa mwezi bila msumari wala nini. Ukiweka 32 leo na usiguse mwaka mzima, piga hesabu. Na sasa niambie, ukienda petroli stesheni ukasema "niangalizie upepo", yule jamaa anazunguka tairi ngapi? Nne. Amewahi kukuuliza hiyo ya nyuma? Valvu iko ndani ya kava, kava imefungwa kamba, kamba iko chini kwa matope, na wewe umekaa ndani unaskrol. Hakuna mtu atafungua. Ile kava haikufanya tairi ife, nakubali. Ilichofanya ni kuhakikisha hakuna mtu anaona ikifa.

Na sisi huku kwetu hii shida ni mbaya zaidi kuliko kule gari zinakotoka. Fikiria vizuri. KEBS inaruhusu gari ya mtumba isiyozidi miaka 8. Kwa hivyo gari inashuka Mombasa ikiwa na miaka 7, na mara nyingi spea ni ile ile iliyozaliwa nayo, nayo ina miaka 7. Michelin, watu wanaotengeneza hizi vitu, wanasema tairi ikifika miaka 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inaonekana sawa, na wanataja spea pia. Maana yake, gari ikikaa Kenya miaka mitatu tu, spea ishapita muda. Sisi tunakaa na gari miaka kumi, kumi na tano, tunaiuza, anayenunua anakaa nayo mingine kumi. Kila mwenye gari mpya anabadilisha nini? Redio, rimu, na kava.

Mnampenda Paul Walker, si ndio? Kila mwaka mwezi wa Novemba mnaweka picha zake. Ile Porsche aliyofia mwaka wa 2013 ilikuwa na tairi za zaidi ya miaka 9. Wachunguzi walisema kilichosababisha ajali ni kasi, na siwadanganyi kwamba walisema kingine. Lakini ule umri wa tairi uliingia kwa ripoti. Gari ya bei ya majumba, imetunzwa, inang'aa kila mahali, na mpira unaoshika lami ni mzee. Kama inaweza kutokea kwa watu wenye pesa hivyo, RAV4 ya anti itaponea wapi?

Kuna wale mtaniambia "buda tulia, si ni kava tu." Sawa. Hebu nikuulize, ni mapambo gani mengine ya gari yanafunika kitu kitakachokuokoa usiku? Stika haifuniki chochote. Rangi haifuniki chochote. Zile kava za sidemira za rangi ya bendera zinafunika plastiki, kioo kinabaki wazi. Kava ya spea peke yake ndiyo pambo ambalo kazi yake ni kukaa juu ya kitu muhimu mpaka usahau kiko pale. Ndio maana naichukia hii na sichukii zile zingine.

Na nataka niseme hili kwa sauti kwa sababu najua kuna watu watachukua hii posti waigeuze iwe ile hadithi yao ya kila siku, ati vijana na marembo yao, ati gari ni ya kubeba watu si ya kuchora. Hapana. Mimi ni mtoto wa nganya. Nimekulia kwa matatu zenye sura za wanamuziki na taa mpaka chini ya viti. Sheria za Michuki za 2004 zilipokuja na ule mstari wa njano, zilikuwa na mambo ya maana, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lakini michoro nayo ikabebwa kama vile rangi ndiyo ilikuwa inaua watu. Ikabidi mwaka wa 2014 rais mwenyewe, Uhuru Kenyatta, aseme vijana wanaochora matatu waachwe wafanye kazi. Kwa hivyo msinitumie kupiga wachoraji. Anayechora nganya anaonyesha kila kitu. Kelele yake yote iko nje, na tairi zake unaziona ukiwa umekaa kwa stendi. Mimi shida yangu ni na kuficha.

Na kuficha kuna biashara yake. Nenda uone gari kwa yadi yoyote, uwe na macho. Broker atafungua boneti, atawasha injini, atakuambia "sikia hiyo, haina sauti", atakuonyesha skrini ya redio. Nyuma kuna kava mpya kabisa yenye jina la yadi na nambari ya simu. Mwambie aivue. Mwangalie uso. Mimi nimefanya hivyo mara tatu tangu Januari, nikienda na marafiki kutafuta gari, na siongezi chumvi: mara moja palikuwa na tairi nzuri, mara moja palikuwa na kipara ambacho hata toroli ingekikataa, na mara moja broker alisema funguo ya spea imepotea. Kava ya kamba. Funguo.

Sisi makrieta tuko ndani ya hii biashara mpaka shingoni. Tunasema tunaonyesha bidhaa, lakini tunaonyesha ganda la bidhaa. Hakuna aliyenilazimisha kusema "linda". Ningesema "pendezesha", ingekuwa ukweli, kava ni nzuri, waridi lilikuwa zuri hata saa tisa usiku kule Sachang'wan nikiliangalia kwa hasira. Lakini neno "pendezesha" haliuzi kwa watu wazima wenye gari. "Linda" linauza, kwa sababu linampa mama wa watoto wawili sababu ya kutumia 3,500 bila kujisikia vibaya. Niliwauzia utulivu wa roho uliojazwa godoro.

Kuna mtu atasema, wewe uliacha chuo, umejua lini mambo ya tairi? Nimejua usiku mmoja. Kile kitu mzee wa trela alituonyesha na tochi hakihitaji digrii. Tafuta ubavuni mwa tairi, kuna mstari wa herufi na tarakimu, mara nyingi unaanza na DOT, na mwisho wake kuna nambari nne ndani ya kiduara kirefu kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Ukikosa kuziona upande mmoja, ziko upande wa pili. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Binamu yangu sasa ndiyo mchezo wake, akiingia kwa gari ya mtu anaanza kusoma tairi kwa sauti na kuaibisha wenye gari, na mimi simkatazi.

Wengi wenu mnaosoma hii hamna gari. Hata mimi sina. Lakini ni nyinyi mnaomnunulia mzae kava ya bathidei, ni nyinyi mnaochanga mbogi ya watu watano mnakodisha Escudo kwenda Naivasha na mnapiga picha mkiwa mmekalia spea. (Na tafadhali, ninajua "spea" inamaanisha nini kwa midomo yenu, mpango wa kando, haya, mmecheka, tuendelee.) Usiku wa pancha utakuwa ndani ya hiyo gari kama abiria, na abiria pia anaruhusiwa kuuliza. Ukikodisha gari unapiga video ya mikwaruzo yote ndio usilipishwe. Ongeza sekunde kumi, vua kava.

Pesa? Hapo tuongee vizuri kwa sababu si kila mtu ana ya tairi mpya, na sitaki kuwa yule mtu anakuambia nunua tu. Tairi nne zikiisha na ununue mpya, usimwachie fundi zote za zamani. Chagua ile iliyo bora kati ya hizo, soma mwaka wake, ifanye spea. Hiyo haikugharimu kitu. Ukibadilisha rimu ziwe kubwa, uliza kama spea ya zamani bado inatoshea na kama nati ni zile zile, kwa sababu nimeona gari imetoka fiti, rimu za inchi 20, na nyuma kuna spea ya 16 ambayo haiwezi kukaa vizuri kwa hiyo gari hata ukiomba. Na kama spea yako imekufa na kweli huna doh, sawa, iache hivyo lakini ujue. Anayejua hana spea hasafiri usiku, anaweka nambari ya fundi kwa simu, anapunguza mwendo kwa mashimo. Anti alikuwa anaendesha kama mtu aliye na spea.

Mafundi wanaoshona hizi kava sina neno nao. Nilienda Ngara kumwona mmoja, mshonaji wa viti vya gari, nikamuuliza kama anaweza kushona kava yenye kidirisha cha zipu pale valvu inapokaa, na tundu mbili ndogo chini za kutoa maji. Akaniangalia kama mtu amemuuliza kama anaweza kushona kitufe. "Ongeza mia mbili." Mia mbili! Kwa hivyo inawezekana, ni rahisi, na hakuna duka nililoona linafanya, kwa sababu hakuna mteja ameomba, kwa sababu krieta wao alimwambia mteja kwamba spea imeshalindwa.

Kava ya anti ilikatwa hapo Ngara. Waridi limepoteza petali moja, zipu imepita katikati ya herufi ya mwisho ya jina la mtoto mdogo, ambaye amekasirika. Ndani kuna tairi ya 2023. Kila akijaza mafuta anafungua zipu mwenyewe na kumwambia jamaa wa stesheni, "Na huyu pia."

Lile duka lilinitafuta tena Februari. Walikuwa na kava za Valentine, mioyo na majina ya wapenzi, na wameongeza pesa. Nikawaambia nitafanya, kwa masharti mawili: gari ya kushuti iwe na spea, na kwa video tuvue kava tusome mwaka wa tairi kwa kamera kabla ya kuivalisha. Walisoma ujumbe. Hawajajibu mpaka leo.

Ile video ya kwanza nimeitoa kwa ukurasa wangu, lakini wao bado wanayo kwa wao na wanailipia iwafikie watu. Na neno langu la punguzo bado linafanya kazi, nimelijaribu jana. Msilitumie.